Jeki, Mbili na Kanga ya Mama Mkwe

Aibu niliyoipata kule Geita ina mashahidi kambi nzima ya wachimbaji, pamoja na wanawake wote waliokuwa kwenye foleni ya maji siku ile, kwa hiyo sioni faida ya kuificha, na kama ni kucheka chekeni tu, maana hata mimi siku hizi naisimulia kama vile ilimpata mtu mwingine ninayemfahamu kidogo, mtu mmoja mrefu, mwenye shati jeupe, ambaye mdomo wake ulikuwa unafika mahali kabla ya akili yake.

Miaka ile ya tisini nilikuwa karani wa mizani kwenye ununuzi wa pamba pale Shinyanga, kazi ambayo msimu ukiisha inakuacha umekaa tu, na sisi tuliokaa tu tulikuwa tunacheza karata. Si kamari (tuelewane hapo), bali lasti kadi, mchezo ambao kila mtu anaujua na hakuna watu wawili wanaoujua sawasawa. Mnagawiwa karata, unatupa inayofanana na iliyo juu kwa ua au kwa namba, anayezimaliza anatoka, na anayebaki na karata mkononi peke yake ndiye mshindwa. Hapo wote tunakubaliana. Ugomvi unaanza kwenye karata zenye amri. Mbili inamlambisha anayekufuata karata mbili kutoka kwenye rundo, jokeri inamlambisha tano, jeki inamruka, yaani anakosa zamu. Sasa je, mbili ikijibiwa kwa mbili? Je, unaruhusiwa kumaliza kwa karata ya amri? Nimeona watu wazima wameacha kusalimiana kwa maswali hayo, na mmoja alihama kabisa benchi.

Mimi nilikuwa na kipaji (ndivyo nilivyokiita mwenyewe) cha kuyatolea majibu. Nilikuwa nafumba macho kidogo kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa ndani ya kichwa, halafu naanza na maneno "kwa kanuni". Hakuna kanuni iliyoandikwa popote, lakini ukisema "kwa kanuni" kwa sauti ya chini watu wananyamaza. Wakaniita Jaji. Jina langu ni Masele, ila hata mwenye nyumba wangu alikuwa ananiita Jaji, nami nikawa naitika kwa raha zote.

Neema alikuwa anasomea uuguzi Kolandoto, na namna tulivyofahamiana ni habari nyingine isiyo na aibu ndani yake, kwa hiyo naiacha. Itoshe kusema kwamba nilimtaka, naye alinitaka, na kilichobaki ni baba yake kusema neno moja. Baba yake, Mzee Luhende, alikuwa mtu wa Shinyanga lakini dhahabu ilipoanza kuita watu akahamia Geita na familia yake yote, mama yake mzazi akiwemo, na kule akapata hisa kwenye duara (duara ndilo shimo la kuchimbia, na mwenye hisa ndani ya duara linalotoa mawe ni mtu wa kupishwa njiani). Ikapangwa niende kujitambulisha, na wa kunisemea awe Baba mdogo Shija.

Neema akanipa onyo moja kabla hajatangulia kwao Geita. "Baba anapenda karata kuliko chakula," aliniambia. "Ukiwakuta wanacheza, wewe salimia, kaa pembeni, kula unachopewa. Yatakayosemwa atayasema Baba mdogo."

"Nimekuelewa," nikamjibu, na kweli nilikuwa nimemwelewa.

Tukaenda kwa basi hadi Mwanza, tukavuka kwa kivuko, halafu tukamalizia safari juu ya lori la magunia ya mchele, Baba mdogo akiwa na koti lake la suti lililomfuata kila msiba na kila harusi ya ukoo wetu, mimi na shati jeupe nililolikunja ndani ya mfuko wa nailoni ili nilivae tukikaribia. Tulipofika uani kwa Mzee Luhende hata hawakutusikia tukibisha hodi. Jamvi lilikuwa limetandikwa kivulini kando ya nyumba, na juu yake wamekaa watu watatu wanabishana, wamezungukwa na wachimbaji waliotoka zamu, miguu myekundu kwa udongo, na wao wanabishana.

Wa kwanza alikuwa Mzee Luhende mwenyewe, mtu mfupi, mpana, asiyepandisha sauti. Wa pili alikuwa mama yake, Bibi, meno machache lakini macho yote yapo, ameshika karata zake karibu kabisa na pua. Wa tatu alikuwa Mzee Karimu, Mhindi mwenye duka la vitambaa na betri pale kambini, ambaye babu yake ndiye aliyetoka India ila yeye alizaliwa Shinyanga, na Kisukuma chake kilikuwa kinanishinda mimi Msukuma. Kando kidogo, kwenye bombadia za miti (viti vile vya kamba vya kulegea), kulikuwa na nafasi mbili za wageni, na hapo ndipo tulipotakiwa kukaa hadi jioni bila kusema kitu.

Nikasema, "Shikamooni." Wakaitikia marahaba bila kuinua macho. Mtu mmoja tu aliinua macho, mwanamke mnene kiasi aliyekuwa anapepeta mchele mlangoni. Alipotuona akaweka ungo chini, akajifunika uso kwa upande wa kanga, akazunguka nyuma ya nyumba moja kwa moja. Nikajua huyo ndiye mama Neema, na kwamba hanitaki.

Baba mdogo akaniinamia sikioni. "Umeona hiyo? Ndiyo heshima ya ukwe. Mama mkwe na nkwilima wake, yaani mume wa binti yake, hawakai pamoja, hawagusani, hawatazamani usoni. Mbona amekukimbia wakati hata hatujasema kilichotuleta? Maana yake humo ndani wameshakubaliana. Tulia tu, Masele. Tulia hivyo hivyo."

Nikatulia. Nilitulia muda wa kunywa uji kikombe kimoja. Lakini jamani, ule ubishi ulikuwa pale pale mbele yangu, nausikia neno kwa neno, na ulikuwa ubishi mtamu. Mzee Karimu alikuwa amempiga Mzee Luhende kwa jokeri, yaani alambe tano. Mzee Luhende badala ya kulamba akatupa jeki juu yake. Baada ya Mzee Luhende zamu ilikuwa ya Bibi, na baada ya Bibi inarudi kwa Mzee Karimu, basi kazi ikawa hapo. Mzee Karimu anasema jeki haijibu jokeri, lamba tano zako. Wachimbaji wengine wanasema inajibu, lakini tano zinamwangukia Bibi kwa sababu ndiye anayefuata. Bibi anasema yeye karukwa, na mtu aliyerukwa hayupo, utamlambishaje mtu ambaye hayupo? Hapo walikuwa wamekwama tangu chakula cha mchana.

Ningekohoa tu, hamu ya kusema ingenitoka. Badala yake nikafumba macho kidogo.

"Kwa kanuni," nikasema.

Wote wakageuka, na Baba mdogo akanikanyaga mguu. Nikaendelea, kwa sababu nikishafika kwenye "kanuni" huwa sirudi nyuma. "Kwa kanuni, amri ya karata iliyokuja mwisho ndiyo inayotekelezwa kwanza. Jeki imekuja mwisho, kwa hiyo kwanza Bibi anarukwa. Adhabu ya jokeri haifi, inasafiri, inamruka Bibi pamoja na zamu yake, na inamwangukia anayefuata. Anayefuata ni Mzee huyu. Analamba tano zake mwenyewe."

Wachimbaji wakalipuka kwa vicheko na makofi, maana hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba jokeri inaweza kumrudia aliyeitupa. Mzee Luhende akanitazama kwa mara ya kwanza vizuri, toka viatu hadi kola. "Huyu ndiye yule wa Kolandoto?" akamuuliza Baba mdogo. Baba mdogo akasema ndiye. "Ana kichwa," Mzee akasema, na mimi nikahisi kwamba neno moja lile nililolifuata Geita lilikuwa limeshafika kooni kwake, limebaki kutoka tu. Nakiri, ningeweza kusema tu kwamba Mzee yuko sahihi na basi, lakini mimi nikatunga kanuni nzima, na kanuni ukishaitoa mbele ya watu si yako tena.

Mzee Karimu alizilamba tano zake bila kinyongo, akicheka. Muda si muda adhana ikasikika kutoka upande wa madukani, wakati wa alasiri, akainuka na kuniwekea karata zake mkononi. "Jaji, nishikie, nakwenda kuswali. Usiniangushe." (Sikumbuki nani alikuwa amewaambia jina hilo. Nafikiri nilikuwa mimi.)

Basi nikahama kwenye kiti cha mgeni, nikakaa jamvini, nikawa hakimu na mchezaji kwa wakati mmoja, jambo ambalo hata kwenye mpira wa makaratasi tulikuwa hatulikubali. Bibi akaniambia, "Karibu mume wangu," kwa utani wa bibi na mjukuu, na watu wakacheka, "lakini kwetu kuna sharti. Ukiwa na karata ya kujibu, hufichi. Ukificha, umeshindwa hapo hapo." Nikasema sawa. Sharti lingine nilikuwa nimeshaliona kwa macho, maana kijana mmoja wa shimoni, pande la mtu, alikuwa anarudi kutoka bombani na ndoo kichwani, uso umepakwa masizi ya sufuria, kanga moja kiunoni na nyingine ameitanda kichwani. Ndivyo mshindwa alivyofanywa kwa Mzee Luhende, na mchezo uliopita kijana huyo ndiye aliyeshindwa.

Bibi alimaliza mapema, akatoka, akaja kukaa nyuma yangu. Tukabaki mimi na Mzee Luhende. Sasa fikirieni hali yangu. Nikimshinda, baba wa mwanamke niliyekuja kumwomba atapakwa masizi na kuvishwa kanga mbele ya wachimbaji wake, siku ya kupokea wageni. Nikishindwa, nimemwangusha Mzee Karimu aliyeniamini kwa karata zake, lakini Mzee Karimu hana binti ninayemtaka. Sikuhitaji kufumba macho hapo, nikaamua kushindwa.

Mzee alikuwa na karata mbili tu. Akatupa mbili ya kopa, akagonga jamvi: "Lasti kadi!" Nikanyoosha mkono kwenye rundo nilambe mbili zangu kwa amani, mzee amalize, tule kuku tuliyekuwa tunamsikia akikaangwa.

"Bebe! Wewe!" Bibi akanigonga mgongoni. "Hiyo hapo ni nini? Mbili ya shupaza si hiyo? Jibu, mume wangu."

Ilikuwepo kweli, katikati kabisa. Nikaitupa. Mbili kwa mbili, adhabu ikawa nne, inamwelekea Mzee. Lakini Mzee Luhende hakutetereka, akatabasamu, akaipiga karata yake ya mwisho juu ya ile yangu kwa nguvu hadi vumbi likatimka. Ilikuwa jeki ya shupaza.

"Jeki! Nimemaliza!"

Nikaanza kupiga makofi. Niliyapiga peke yangu. Wachimbaji walikuwa wanahesabu kwa vidole, huyu, yule, huyu, na Bibi alikuwa ameshamaliza kuhesabu.

"Hajamaliza," Bibi akasema. "Jeki inamruka anayefuata. Anayefuata ni Jaji, karukwa. Adhabu haifi, inasafiri, si ndivyo alivyosema? Inamwangukia anayefuata baada ya Jaji. Wako wawili tu. Baada ya Jaji ni nani?"

Mzee Luhende akaacha kutabasamu. Na hapo hapo Mzee Karimu akarudi, kofia ya kuswalia bado kichwani, akaelezwa na watu wanne kwa mpigo, akasikiliza, halafu akasema kwa upole kabisa, "Mimi nililamba tano kwa kanuni hiyo hiyo. Sikusema kitu." Kisha wote wakanitazama mimi.

Hakuna kitu kibaya kama watu wazima wanaokusubiri useme haki. Nikifuata kanuni yangu, Mzee analamba nne, hajamaliza, na kwa karata nilizobaki nazo nitamaliza kabla yake. Nikiikana, mimi ni tapeli mbele ya Mzee Karimu na kambi nzima. Nikafumba macho, safari hii kwa sababu nilihitaji kweli, na nikaona njia, na kwa dakika ile niliiona kuwa ni njia nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona maishani.

"Kwa kanuni," nikasema, "aliyemaliza karata si mchezaji tena. Adhabu inaniruka mimi, inafika kwa Mzee, inamkosa kwa sababu ameshatoka. Haifi. Inasafiri tena. Inanirudia mimi. Nalamba nne, na mimi ndiye mshindwa."

"Na karata zangu je?" akauliza Mzee Karimu kwa wasiwasi. "Kanga nitavaa mimi?"

"Aliyeshika ndiye aliyecheza, Mzee."

Wakashangilia! Bibi mwenyewe alikubali, kwa kichwa. Mzee Luhende akacheka hadi akajifuta macho, akasema mbele ya wote, "Huyu si wa kupakwa masizi. Ni mgeni wangu, nimemsamehe." Nadhani nafasi rahisi ya kuoa pale nilikuwa nayo wakati huo, mkononi, bure, na Baba mdogo aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kiti alinifanyia ishara kwa nyusi kwamba shukuru ukae. Lakini mtu aliyetoka kutoa hukumu ya namna ile anawezaje kuanza kusamehewa?

"Hapana, Mzee," nikasema. "Kanuni ni kanuni."

Wakanipaka masizi, vizuri tu, hadi masikioni. Kanga nikaambiwa nichukue mwenyewe kwenye kamba nyuma ya nyumba. Pale kambani kulikuwa na kanga zilizochakaa mbili tatu, na doti moja mpya ya zambarau, safi, bado na ugumu wa dukani, na mimi kwa kuwa shati langu lilikuwa jeupe nikachagua iliyo safi. Nikavaa moja kiunoni, ya pili nikaitanda kichwani hadi usoni, nikachukua ndoo nikaenda bombani, nyuma yangu watu wanapiga vigelegele. Sikuona aibu yoyote. Nawaambia ukweli, nilikuwa najiona mtu mkubwa.

Bombani foleni ilikuwa ndefu. Wanawake wakanicheka kwa sababu walishazoea washindwa wa Mzee Luhende, wakanionyesha mwisho wa foleni, nikasimama nimewapa mgongo waliokuwa wanakuja. Kumbe mama Neema, katika kunikimbia mimi kwa heshima, alikuwa amekwenda kumjulia hali jirani mgonjwa, na sasa alikuwa anarudi kwa kupitia bombani. Na kumbe Neema alikuwa na shangazi, mrefu kama mimi, ambaye alikuwa na tabia ya kuazima nguo za wifi yake bila kuomba. Hayo yote niliyajua baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba mkono umenishika bega kwa nguvu.

"Wifi! Kanga yangu mpya umeivaa tena? Hata mara moja sijaivaa mwenyewe!"

Nikaivuta kanga zaidi usoni.

"Na umekuja huku, wageni umemwachia nani?" Akanisogelea, akaniwekea kidevu karibu na bega, sauti ikashuka. "Vipi, yule kijana bado anaongea? Maana nilimsikia toka nyuma ya nyumba, nikasema mwanangu anaolewa na redio. Lakini baba Neema amempenda, na mimi sina neno, mradi asimchoshe mtoto."

Nikigeuka, tunatazamana usoni. Nikisema kitu, anajua mimi ni mwanaume. Nikinyamaza, ataendelea kunishika. Nikanyamaza. Basi akaudhika kwa kudharauliwa, akanishika mabega yote mawili akanigeuza.

Mnaweza kufikiria alichokiona: kanga yake mpya, na ndani yake uso mweusi tii wenye macho mawili na masharubu. Alipiga yowe, "Mayu weee!", akajifunika uso, akakimbia, akagonga ndoo ya mwanamke wa mbele, ikamwaga ya pili, na mwanamke mmoja aliyenitambua akasema kwa sauti ya kutosha kambi nzima, "Si nkwilima huyo! Amevaa nguo ya mama mkwe wake!" Hapo vicheko vikakatika. Ndipo nilipoelewa nimefanya nini, na nikaona aibu, tena aibu ile ya kweli.

Kikao kikakaa hapo hapo uani, jamvi likiwa bado na karata. Mimi nikasimama na masizi yangu, kanga nimezivua nimezikunja nimeziweka juu ya ungo, sijui nizipeleke wapi. Mama Neema alikuwa ndani, anasikika akilia na akisema kwa wakati mmoja. Mzee Luhende alikuwa amekaa ameinamisha kichwa. Alichosema kilikuwa kifupi.

"Nkwilima kushikana na mama mkwe, ni kosa. Kuvaa nguo yake, ni kosa kubwa zaidi. Kwa mila zetu atatoa mbuzi jike mmoja na doti mpya ya kanga, mama atasafishwa, na mambo yataendelea."

Nikamtazama Baba mdogo, nikashangaa kuona uso wake unang'aa. Alikuwa ameshainuka nusu, mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti. "Tumekubali, Mzee," akasema haraka. "Tumekosa. Mbuzi anatoka leo hii."

Yangeishia hapo. Lakini mimi nilikuwa nimesikia neno kosa, na watu walikuwa wengi, na wote wananitazama, na nilikuwa na hamu ya kujisafisha kidogo mbele yao (hili ndilo linalonishangaza hadi leo, kwamba kichwa kilichopakwa masizi bado kilikuwa kinataka sifa). Nikaomba ruhusa ya kusema. Mzee akaniruhusu.

"Kwa kanuni," nikasema, "kosa la ukwe linamhusu mkwe. Mimi bado sijakubaliwa. Posa haijasemwa, mahari haijatajwa. Kwa hiyo kwa sasa mimi si mkwe, yule mama si mama mkwe wangu, na kosa halipo. Mbuzi hadaiwi."

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee Karimu alianza kukusanya karata taratibu, moja moja. Bibi alisema tu, "Aah, bebe," kama mtu aliyeona chungu kinaanguka na hana mkono wa kukidaka.

Mzee Luhende aliinua kichwa. "Kwa hiyo wewe si mkwe wangu."

"Kwa sasa hivi, Mzee. Kwa kanuni."

"Sawa," akasema. "Nimekuelewa. Basi niambie jambo moja, Jaji. Mwanaume ambaye si mkwe wangu wala ndugu yangu, nguo ya mke wangu ameivaa kama nani?"

Nilifumba macho. Niliyafumba muda mrefu sana. Nilipoyafumbua Mzee alikuwa ameshasimama anaingia ndani, na Baba mdogo alikuwa anafunga vifungo vya koti lake.

Kuku hatukula. Neema alitoka jikoni akatusindikiza hadi barabarani tulikokuwa tunasubiri lori, hakulia wala hakufoka, na ningependa angefoka. Aliniuliza swali moja, "Ulikuwa unataka kushinda nini?" Kwa mara ya kwanza siku ile sikujaribu kutengeneza jibu. Tulipofika kivukoni Baba mdogo akanieleza kwa uchovu, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba mtu hatozwi faini ya ukwe kama si mkwe, kwa hiyo Mzee Luhende aliposema mbuzi alikuwa ameshanipa binti yake mbele ya kambi nzima, bila posa, bila maneno, kwa mbuzi mmoja tu na doti ya kanga. "Neno ulilolifuata lilishatoka," akasema. "Ukalirudisha mwenyewe."

Tulituma watu mara nyingine baada ya mavuno. Walirudi na salamu nzuri kutoka kwa Bibi, na jibu la Mzee Luhende kwamba hukumu ya Jaji hana uwezo wa kuitengua. Neema akaolewa Kahama na mtu mmoja mpole mwenye mashine ya kukoboa, nasikia wana watoto wakubwa. Iliniuma, tena iliniuma muda mrefu kuliko nilivyokuwa nawaambia watu.

Lasti kadi nacheza bado, mkinialika nitakuja, na mbili ikijibiwa kwa jeki mtaamua wenyewe, mimi nitalamba zozote mtakazosema. Na mke wangu, au jirani, au mtu yeyote, akiniambia Masele umenikosea, siulizi tena kwa kanuni ipi. Nauliza tu anataka mbuzi wa rangi gani, nakwenda kumtafuta.